Nyasi za Vilima vya Shaba: Je, Zinaweza Kuhamishwa?

Msafiri anayetoka Lubumbashi, katika eneo la Katanga kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuelekea Likasi na Fungurume hupita katika miombo kwa muda mrefu, kisha ghafla huona kilima kisicho na miti, chenye nyasi fupi na mawe tu. Mgeni hudhani kwamba wachoma makaa wamepita hapo. La hasha: upara huo umeletwa na shaba. Udongo wa kileleni ni mwembamba, mwamba uko karibu, na shaba iliyomo hufikia maelfu ya miligramu katika kila kilo ya udongo, kiasi ambacho mizizi ya miti mingi haiwezi kukistahimili. Zinazobaki ni nyasi kama Loudetia simplex, mimea ya Xerophyta iliyong'ang'ania miamba, na maua madogo ambayo mengine hayaoti kabisa kwenye udongo wa kawaida. Wahunzi wa kale wa Katanga walijua mahali yalipo madini muda mrefu kabla mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet hajafika mwaka 1892 kuyaandikia ripoti.

Katanga ina zaidi ya vilima 100 vya aina hii, na aina zaidi ya 30 za mimea zimejulikana katika udongo huo wa shaba peke yake. Tatizo ni kwamba kilicholeta mimea hiyo ndicho kinachotafutwa na migodi. Kutokana na hilo limezuka swali: kilima kikichimbwa, je, nyasi zake zinaweza kuhamishiwa kwingine, au kilima kilichopotea kimepotea?

Wanaosema kwamba inawezekana hawabahatishi. Mbegu hukusanywa, tabaka la juu la udongo hubanduliwa kabla ya mitambo kuingia, kisha humwagwa mahali palipoandaliwa. Tena mimea yenyewe imewahi kuhama bila msaada wa mtaalamu. Haumaniastrum katangense, ambayo wengi huiita ua la shaba, huota hata mahali palipokuwa na tanuru za kuyeyushia shaba karne nyingi zilizopita, kiasi kwamba wanaakiolojia wameitumia kama dalili ya kutafutia mabaki ya wahunzi. Hapa Lubumbashi kwenyewe, katika mtaa wa Penga Penga ambako moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba uliua mimea kwa miongo mingi, watafiti walijaribu kurudisha uoto kwa nyasi za vilimani, ikiwemo Microchloa altera, pamoja na chokaa na mboji. Kwa mtu anayepumua vumbi la mtaa ule, hii si hoja ya vitabuni.

Hata hivyo, ukiitazama mifano hiyo kwa makini utaona kwamba haithibitishi yote inayodaiwa. Ua la shaba ni mmea wa mwaka mmoja: huchanua, humwaga mbegu nyingi, hufa, na hupenda ardhi iliyovurugwa. Mmea wa namna hiyo utafurahia hata kifusi. Lakini sehemu kubwa ya uoto wa kilimani ni mimea ya kudumu, yenye mashina na mizizi minene chini ya ardhi, ambayo huungua juu kila kiangazi na kuchipua upya kutoka chini. Mimea hii hukua polepole, hutegemea zaidi sehemu yake ya chini kuliko mbegu, na ikishang'olewa haina haraka ya kurudi. Mafanikio ya kundi la kwanza yanatumiwa kama ushahidi kwamba la pili nalo linaweza kuhamishwa, na mimi sikubaliani na hesabu hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo udongo uliobanduliwa hauwezi kulibeba, nalo ni mpangilio. Kilimani shaba hupungua kadiri unavyoshuka kutoka mwambani hadi kwenye ukingo wa miombo, udongo huongezeka kina, maji hukaa zaidi, na kila hatua ina mimea yake. Katingatinga likikwangua na kumwaga, ngazi hiyo huwa rundo moja. Isitoshe, kila kilima ni kama kisiwa. Mimea ya kilima kimoja hutengana na ya kilima jirani kwa kilomita za msitu, kwa hiyo kuokoa spishi mahali pamoja si kuokoa aina zake zote.

Watetezi wa vilima nao wana makosa yao. Zamani ilisemwa kwamba mimea mingi hapa hufyonza shaba kwa wingi wa ajabu, hata ikadhaniwa kwamba siku moja tungevuna madini kwa kukata majani. Majani yalipooshwa vizuri, sehemu kubwa ya shaba ile ikaonekana kuwa vumbi tu. Hoja ya faida inapotiwa chumvi, hudhoofisha hoja iliyo kweli. Wala si haki kuzungumza kana kwamba Lubumbashi ingeweza kuishi bila shaba, kwa kuwa mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili yake.

Kwa maoni yangu, uhamishaji ufanywe, ila usihesabiwe kuwa malipo ya kilima. Sheria ya Madini ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inadai tathmini ya mazingira kwa kila mradi wa uchimbaji, lakini tathmini ya mradi mmoja haiulizi ni vilima vingapi vya aina ile vitabaki bila kuguswa katika eneo zima la Katanga. Swali hilo linapaswa kujibiwa kabla ya kibali kutolewa, kwa orodha ya vilima vitakavyoachwa vizima kuanzia mwambani hadi ukingoni mwa miombo, na orodha hiyo ianze na vile ambavyo kibali chake cha uchimbaji bado hakijatolewa.