Waacheni vijana wa Bagamoyo waulize kwa kifupi

Vijana wanaotembeza wageni hapa Bagamoyo, kutoka Ngome Kongwe hadi magofu ya Kaole, Kiingereza wanacho. Watakusimulia jinsi mwili wa Livingstone ulivyofikishwa hapa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, wala hawakwami. Wanakwama kwenye kuuliza. "Do you want to drink some water?" "Have you visited Bagamoyo before?" Sarufi haina kasoro, lakini mgeni anajibu kama yuko dirishani kwa afisa uhamiaji.

Nalaumu ufundishaji wetu. Darasani swali lisipoanza na "do" au "have" linapigwa mkasi. Waingereza na Wamarekani wenyewe wakiongea husema "Want some water?" "Been here before?" "You hungry?" Kitenzi kisaidizi kinaachwa, mara nyingi pamoja na "you", sauti inapanda mwishoni, yamekwisha. Na sisi si ndivyo tulivyokua tukiuliza? "Umekula" na "Umekula?" ni maneno yale yale, sauti tu ndiyo inayotofautisha. Mtoto wa Kiswahili ana mtaji huo tayari, na shule inamnyang'anya!

Ipo mitego, na hiyo ndiyo ifundishwe. Ukiacha "does", usitarajie mambo kwenda sawa: "He want water?" masikioni mwa wengi ni kosa. Njia fupi hukaa vizuri zaidi na "you". Tena sisi neno la kuuliza tunaliweka mwisho, unakwenda wapi, umekuja na nani. "You're going where?" kwa Kiingereza ni swali la mtu aliyeshangaa au ambaye hakusikia vizuri. Neno hilo litangulie: "Where you going?" kwa rika lako, "Where are you going?" kwa yeyote. Lakini "with" ibaki nyuma: "Who'd you come with?" Ufukweni hakuna anayeanza na "With whom".

Mtego mkubwa ni swali la kukanusha. Mtu akikuuliza "Hujala?" nawe hujala, unajibu "Ndiyo", unakubaliana naye. Kiingereza hakiendi hivyo. Kijana anauliza "You don't have a ticket?" mgeni anajibu "No", maana yake hana. Kijana anaelewa anayo, anampeleka moja kwa moja hadi mlangoni, na hapo pande zote mbili zinaanza kushukiana bila sababu. Dakika kumi za darasa zingetosha kuliondoa hilo.

Wapo walimu wanaosema maswali mafupi ni utovu wa adabu. Sikubaliani nao. Adabu yetu iko kwenye salamu: msalimie mgeni kikamilifu, mpe nafasi ya kujibu, ndipo umuulize "You tired?" Akiwa mtu mzima sana, au uko kwenye usaili wa kazi, rudi kwenye "Are you" na "Would you like". Kijana afundishwe njia zote mbili, achague mwenyewe kwa kumtazama aliye mbele yake.