Kipindupindu hakingoji basi la Mombasa
Mmeandika kwamba kipindupindu cha Kisumu huletwa na wasafiri kutoka Pwani. Wakati mwingine, sawa. Lakini bakteria wake ni mwenyeji wa maji, ya bahari hata ya ziwa. Hujishikiza kwenye maganda ya vidudu vidogo vya majini na kuyala. Mambo yakiwa magumu hujilaza, yu hai ila ukimpanda maabarani haoti. Akifika utumboni hutoa vinyweleo, akang'ang'ania, ndipo amwage sumu. Bangladesh walichuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa ili kunasa vidudu hivyo, na utafiti wa 2003 ukaonyesha wagonjwa walipungua karibu nusu. Mamangu hapa Dunga, Kisumu, huchujia leso tabaka moja, tena ina tundu! Nimemwambia aikunje, kisha achemshe. Ananijibu, "Makaa utanunua wewe?"