Kisima cha Nyongeza Kiulizwe Udongoni

Watu wa mafuta huuthamini udongo kabla ya kisima cha kwanza, kisha huusahau. Edwin Drake alichoronga kisima chake Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, mahali ambapo mafuta yalikuwa yakivuja yenyewe juu ya ardhi. Miaka ya 1930 watafiti Laubmeyer huko Ujerumani na Sokolov huko Urusi wakaanza kupima gesi iliyojificha udongoni, ile isiyoonekana kwa macho. Tangu hapo kipimo hiki kimeonekana kuwa cha watafutaji. Mimi naona faida yake kubwa iko baada ya mafuta kupatikana.

Mfuniko wa mwamba, yaani tabaka gumu linalofunika mafuta kwa juu, hauzibi kabisa. Gesi za methani, ethani, propani na butani zinazoambatana na mafuta hupenya kwenye nyufa ndogo mno na kupanda karibu wima, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji yaliyojaa mwambani, na shinikizo linalotoka chini huzisukuma. Uwanja wa mafuta ukivunwa, shinikizo hilo hushuka, na gesi ya udongoni hufifia. Lakini mwamba wenye mafuta mara nyingi umekatwakatwa na mipasuko, mithili ya nyumba yenye vyumba vilivyofungwa: kisima hukausha chumba kimoja, cha jirani kikabaki kimejaa. Juu ya hicho cha jirani udongo bado una ethani na propani za kutosha. Hapo ndipo pa kufikiria kisima cha nyongeza, yaani kingine ndani ya uwanja uleule.

Picha za mitetemo, zinazopatikana kwa kupeleka mawimbi ardhini na kusikiliza mwangwi wake, zinachora kuta za vyumba hivyo vizuri sana, ila kuhusu kilichomo mara nyingi hazina uhakika. Udongo unasema kilichomo, lakini haujui kiko kina gani wala ni mapipa mangapi. Anayeudai udongo majibu hayo asishangae akipata kisima kikavu.

Na si kila wingu lina mvua. Methani hutengenezwa pia na vijidudu kwenye matope na takataka zinazooza, kwa hiyo kuihesabu yenyewe peke yake ni kujidanganya. Kisima cha zamani kinachovuja, au dizeli iliyomwagika, nayo huacha alama. Mpasuko unaweza kuipeleka gesi pembeni. Ndiyo maana sampuli zianze kuzunguka kisima kinachotoa mafuta na kingine kinachojulikana kuwa kikavu. Bila hivyo viwili, ramani ya gesi yenye rangi nyekundu kwa nyingi na bluu kwa kidogo ni pambo la ukutani. (Nyekundu huwavutia wakubwa kuliko inavyostahili.)

Kinachoniudhi zaidi ni desturi ya kupima mara moja tu, uwanja ukiwa tayari umechakaa. Kufifia hakuonekani bila kitu cha kulinganisha nacho. Duru ya kwanza ya sampuli ichukuliwe kabla uzalishaji haujaanza, na vituo vilevile virudiwe kila baada ya miaka michache. Gharama yake, ukiilinganisha na kuchoronga kisima kimoja mahali pasipo na kitu, ni ndogo mno.