Ngalawa Yangu na Koliflawa ya Angani
Niliingia katika uchoraji wa rangi za maji kwa kudanganywa. Niliambiwa ni sanaa nyepesi, kwamba hata mtoto wa chekechea huiweza, bila kukumbushwa kwamba mtoto wa chekechea hana mke wala wapangaji watatu wanaopita ukumbini kukagua kazi yake.

Ngalawa ya kwanza niliichora juu ya karatasi ya fotokopi ya gramu 80, na ilipoonja maji ikavimba na kujikunja hadi bahari yangu ikawa na mabonde, na kila bonde likawa na dimbwi lake. Nikanunua karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa bei ambayo mama watoto hajaambiwa mpaka leo. Karatasi ilitulia, mjinga akabaki mimi. Nilipaka anga lote buluu, kisha nikaanza kutafuta mahali pa kuweka tanga jeupe, ndipo nikagundua kwamba katika rangi hizi weupe haupakwi: weupe ni karatasi yenyewe, na asiyeisaza mapema ameula wa chuya.

“Baba Zuhura,” mke wangu aliuliza kwa upole unaoumiza, “huyu mvuvi wako ameibiwa tanga?”

Machweo nayo yalinifanyia kisa. Usiku nililala nikiwa nimeacha wekundu wa kutisha, asubuhi nikakuta kitu mfano wa sharubati iliyoongezwa maji baada ya wageni kuzidi, kwa maana rangi za maji hupauka zikaukapo, na yale unayoyasifia zikiwa mbichi ni mkopo tu. Siku hizi napaka kwa ukali unaozidi kidogo ule ninaoutaka, nikiwa nimeijaribu rangi kwanza nyuma ya ngalawa zilizozama.

Lakini adui wangu hasa ni haraka. Hapa Dar es Salaam wakati wa masika, hewa yenyewe imelowa, na karatasi hukauka kwa hiari yake. Nami niliona anga limeshaanza kukauka, nikaligusa kwa brashi iliyojaa maji ili nirekebishe kasoro moja ndogo. Yale maji mapya yaliisukuma rangi pembeni, ikaganda kwa ukingo wenye meno meno, na juu ya mlingoti likachanua doa mfano wa koliflawa. Nikalikarabati kwa rangi ya machungwa. Machungwa na buluu zilipokutana, nikapata tope la bonde la Jangwani baada ya mafuriko. Sasa, kabla sijagusa chochote, naweka mgongo wa mkono juu ya karatasi: ikiwa bado ya baridi, bado ina maji, nami naenda kunywa chai. Nimekunywa chai nyingi sana mwaka huu.

Jumamosi iliyopita nilifanikiwa hatimaye: tanga jeupe, anga safi, lisilo na doa. Jirani alipita, akaitazama picha hiyo kwa adabu, kisha akaiokota ile ya koliflawa iliyokuwa chini ya kikombe.

“Wingu hili umelifanyaje?” akauliza. “Nichoree kama hili, nitalipia.”

Nikakohoa, nikamjibu kwamba ni mbinu. Leo ni siku ya nne namwaga maji juu ya anga bichi, na koliflawa limekataa katakata kutokea.