Uokoaji ziwani: nani aende, nani aamuru, nani alipe petroli

Chombo kikizama Ziwa Victoria, wa kwanza kufika huwa ni mvuvi. Ndivyo ilivyokuwa Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Waliotolewa hai walikuwa 41, na wengi wao waliokolewa siku ileile ya kwanza, wenyeji na mitumbwi yao wakiwa mstari wa mbele. Ikawa hivyohivyo Bukoba, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia majini jirani na uwanja. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walinusurika, na aliyesifiwa kwa kuvunja mlango wa nyuma kwa kasia alikuwa kijana mvuvi, Majaliwa Jackson.

Baada ya kila ajali ya namna hii mjadala huwa uleule. Wapo wanaosema uokoaji ni kazi ya dola na raia wakae pembeni, na wapo wanaosema dola imeshindwa, basi wananchi waachiwe wenyewe. Kila upande una hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali.

Tuanze na upande wa dola. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipo kwa sheria ya mwaka 2007, na sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Yote hayo yana maana moja: kwenye tukio awepo mtu mmoja anayeamuru. Asipokuwepo, mitumbwi ishirini hulizunguka eneo moja, mawimbi yake huwapiga walioshikilia maboya, majeruhi hupakiwa bila kuandikwa, na ndugu hutafuta jina la mtu wao hospitali mbili au tatu bila kulipata. Wenye umri wao Mwanza wanakumbuka pia MV Bukoba, Mei 21, 1996. Meli ilipokuwa imelala kichwa chini huku watu wakigonga kutoka ndani, bamba la chini lilitobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa inaielesha ikatoka, ikazama. Pale haukupungua moyo wa kuokoa. Ulipungua utaalamu, na moyo hauwezi kuziba pengo hilo.

Upande wa pili una hesabu ya umbali. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na takriban nusu yake iko Tanzania. Hakuna bajeti itakayoweka boti ya uokoaji kwenye kila mwalo, yaani kila ufukwe ambako mitumbwi ya uvuvi hutua, kuanzia Kirumba jijini Mwanza hadi visiwa vya Ukerewe. Hata pale vyombo vilipokuwa karibu, Bukoba, ripoti ya awali ya uchunguzi iliyosambaa wiki chache baadaye ilitaja boti ya polisi yenye upungufu wa mafuta na wazamiaji walioishiwa hewa. Mwenye sare akifika bila mafuta, hana tofauti kubwa na mtazamaji aliye ufukweni.

Na hapo kwenye mafuta ndipo mjadala wetu unapopiga chenga. Mvuvi wa dagaa haendi ziwani na petroli yake. Ni ya tajiri, mwenye mtumbwi na injini. Wakirudi asubuhi, gharama za safari hukatwa kwanza, kinachobaki ndicho hugawanywa. Usiku mvuvi anapoacha nyavu na kukimbilia sauti za watu wanaozama, anachoma petroli ya mtu mwingine, na asubuhi hana dagaa wa kuifidia. Tunamwita shujaa, tunampiga picha, deni anabaki nalo. Mimi naona ajabu kwamba miaka yote hii hatujaweka hata utaratibu mdogo wa kurudisha galoni la petroli.

Kuna watu wa tatu, ambao mara nyingi tunawachanganya na wavuvi: wenye mafunzo na vizibao vya Msalaba Mwekundu. Chama hicho kimeundwa kwa sheria ya mwaka 1962 na kinatambuliwa kama msaidizi wa serikali katika huduma za kibinadamu. Kinaisaidia bila kuwa idara yake. Wao ndio hufunga vidonda, huorodhesha waliopotea, hukaa na wafiwa. Kazi hiyo haionekani sana kwenye televisheni, lakini bila orodha yao hakuna anayejua aokoe wangapi.

Wengine hupendekeza njia ya mkato: wote hawa wawekwe chini ya amri moja ya serikali, tumalize. Mimi nasita, na sababu iko hapahapa ziwani. Vikundi vya BMU, yaani vya wavuvi wenyewe vya kusimamia uvuvi kwenye mialo, tayari hushirikiana na maofisa kwenye doria za uvuvi haramu. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, nyavu zilichomwa na faini zikatozwa, na chuki ile haijaisha yote. Mvuvi mwenye nyavu zisizoruhusiwa akiona boti inakuja kwa kasi, atazima karabai na kukimbia, hata kama boti hiyo imekuja kumwokoa. Anayeokoa asiwe yule anayekamata. Alama ya Msalaba Mwekundu ipo kwa ajili hiyo: kuonyesha kwamba aliyeivaa amekuja kusaidia tu.

Baada ya ajali ya Bukoba, Majaliwa Jackson alipewa shilingi milioni moja na ajira katika Zimamoto. Alistahili, sibishani. Ila tazama serikali ilivyolielewa jambo: ilimchukua mmoja kutoka mwaloni ikamvika sare, na mwalo ukabaki bila kamba, bila maboya, bila mafunzo, kama ulivyokuwa.

Uingereza wana taasisi ya hiari ya uokoaji majini, RNLI, iliyoanzishwa 1824. Walinzi wa pwani wa serikali hupokea simu na kuomba boti itoke. Boti na mabaharia, wengi wao wakiwa wa kujitolea, ni wa taasisi. Fedha zake hutoka kwenye michango ya watu wenye uwezo kutuzidi, kwa hiyo hatuwezi kuinakili. Kinachofaa kuigwa ni ule mgawanyo tu, na hauhitaji fedha nyingi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imeichagua Mwanza kuwa na kituo cha kikanda cha kuratibu uokoaji ziwani. Watakaokaa zamu mle watakuwa na redio. Mtumbwi wa dagaa hauna redio. Una simu ya kitochi iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kwa hiyo kabla ya kununua mtambo mwingine, ningependa kuona daftari la namba za viongozi wa kila mwalo na za Msalaba Mwekundu wa kila wilaya, na fungu dogo la petroli ambalo ofisa wa zamu anaweza kuliidhinisha saa nane usiku bila kusubiri sahihi ya bosi.