Sare haikutufanya sawa, tusidanganyane

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shule na agizo: Ijumaa ni siku ya miaka ya 80, kila mmoja avae kama walivyovaa zama zile. Shule za huku Ohio hupenda sana vituko vya namna hii, na walimu nao hawabaki nyuma. Akanijia jikoni. "Baba, si ndiyo enzi zenu hizo? Mlikuwa mnavaaje?" Nikamwambia ukweli: wavulana shati jeupe na suruali ya kaki, wasichana sketi ya bluu ya marinda na soksi nyeupe. Akanitazama kwa huruma. "Kama wahudumu wa hoteli?"

Sisi wabeba maboksi, yaani Watanzania tunaoishi huku Marekani, tukikutana, iwe msibani au kwenye harusi, hakosi mtu wa kusema kwamba kule nyumbani sare ilitufanya sawa, mtoto wa waziri na wa mkulima humjui yupi ni yupi, ilhali huku watoto wetu wanateswa na viatu. Hilo la viatu nalikubali. Hilo la kwanza ni uongo tunaopeana kwa sababu tumekumbuka nyumbani.

Mimi niliingia kidato cha kwanza mwaka 1983, shule ya bweni mkoani Iringa. Ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa. Sabuni ilikuwa ya foleni, na mama alishazoea kufulia majani ya mpapai. Sasa wapange wanafunzi kwenye paredi, wote mashati meupe. Meupe yepi? Kulikuwa na jeupe la tetroni lililoletwa na mjomba baharia, linang'aa hadi linaumiza macho. Kulikuwa na jeupe la kitambaa cha marekani, ambalo kufikia muhula wa pili lilishageuka rangi ya uji. (Ndiyo, Marekani ya kwanza niliyoijua mimi ilikuwa kitambaa, tena cha bei rahisi. Jina lilibaki tangu karne ya 19, meli za huku zilipokuwa zikishusha majora ya pamba Zanzibar.) Njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, alisomwa kuanzia shingoni hadi miguuni kabla hajataja jina lake: ukosi umekaaje, mkanda ni wa ngozi au wa plastiki, soksi zina lastiki yake au zimebanwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mwenye saa ya Casio ya tarakimu hakuhitaji kutafuta marafiki.

Kwa hiyo usawa haukuwepo. Kilichokuwepo ni kwamba pengo lile uliweza kulipunguza kwa mikono yako. Bitozi mkuu, yaani mtanashati kuliko wote, wa bweni letu alikuwa mtoto wa mkulima, ana mashati mawili tu. Jumamosi alipika wanga wa muhogo kwenye kopo, akautumbukizia suruali, akaianika kivulini. Ikikaribia kukauka aliikunja mguu juu ya mguu, akaipanga katikati ya kurasa za gazeti la Uhuru, akaiweka chini ya godoro na kulala juu yake chali, kama maiti, usiku kucha bila kugeuka. Jumapili alitoka na mkunjo ulionyooka kuanzia kiunoni hadi kwenye kiatu, na mtoto wa mkurugenzi akaja kumwomba amfundishe.

Kaka zetu walituachia bugaluu, zile suruali pana chini, nasi tukazitaka za kubana chini, hivyo fundi cherehani wa pale kijijini hakukosa kazi. Tuliujuaje mtindo wenyewe? Bara hatukuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, sisi tulisubiri hadi 1994. Redio haina picha. Mitindo ilikuja na wanafunzi waliotoka likizo Dar es Salaam, na kurasa zilizochanwa kwenye magazeti ya kigeni. Jaketi jekundu la Michael Jackson tulilijua kwa picha moja tu, imebandikwa ndani ya kifuniko cha tranka la jamaa wa kidato cha tatu. Bweni zima lilibishana mistari ile ni zipu au ni urembo tu.

Serikali ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa mwaka 1984, mwaka uliofuata akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, na mitumba ikajaa. Nami nikapata langu: jaketi zito lenye mikono ya ngozi, herufi kubwa kifuani, na jina Kevin limedariziwa kwa uzi wa njano. Niliitwa Kevin hadi namaliza kidato cha nne. Miaka mingi baadaye, niko huku, nikamwona kijana kituo cha basi na jaketi kama lile. Mwenzangu kazini akanieleza kuwa herufi ile mwanafunzi hupewa kwa kuichezea timu ya shule, kwa mfano ya mpira wa kikapu. Kumbe nilitembea na heshima ya mtu, na kikapu chenyewe sijawahi kufunga hata kimoja!

Huku suruali ya godoroni haimsaidii mtu. Air Jordan za kwanza zilitoka 1985 kwa dola 65, na tangu hapo kiatu kina alama yake: unayo au huna. Watoto waliuana kwa ajili ya majaketi na viatu, mpaka Long Beach kule California wakaamua mwaka 1994 kuwavisha sare watoto wa shule zao, na mwaka 1996 Rais Clinton akazipigia debe shule za umma zifanye vivyo hivyo. Shule ya binti yangu haina sare. Ukimwonyesha kiatu cha mtu yeyote anakutajia bei bila kufikiri, na hapo hakuna wanga wala uzi utakaokuokoa.

Lakini sitasema turudi kule. Mwaka 1986 mwalimu wa zamu alinitoa mbele ya paredi kwa kosa la suruali ya kubana. Akashika mkasi, akaichana kutoka kwenye pindo hadi gotini, mguu mmoja kisha wa pili, halafu zikafuata fimbo. Nilikuwa na suruali mbili tu. Huku, tangu 1969 Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwanafunzi haachi haki zake getini, katika kesi ya watoto waliosimamishwa masomo kwa kuvaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam.

Hayo yote nilimsimulia binti yangu Ijumaa asubuhi, akiwa kwenye kioo na soksi za rangi ya chungwa kali. Vita vya Vietnam havikumshughulisha. Mkasi ndio uliomfanya ageuke.

"Sasa suruali ukaipeleka wapi? Mahakamani?"

"Kwa fundi."