Pointi 37 kwa sufuri: msimu wa South Carolina tulioutazama tukimtafuta mtu mwingine

Usiku wa Aprili 7, 2024 ulituangukia katika kumi la mwisho la Ramadhani. Tumetoka tarawehe, sahani ya viazi karai iko katikati ya mkeka, na mpwa wangu ameegemeza simu kwenye birika la chai. Saa nne ikafika, fainali ya mpira wa kikapu ya wanawake wa vyuo vya Marekani ikaanza kule Cleveland, na kabla hatujaafikiana kama simu iongezwe mwanga au la, Iowa 10, South Carolina 0. "Kwisha habari yao, anko," akaniambia, mdomo umejaa kiazi.

Alikuwa amekesha kumtazama Caitlin Clark, wala simlaumu. Karibu kila mtu aliyekuwa macho saa ile alikesha kwa ajili ya Clark. Msichana huyu wa Iowa alikuwa akifunga wastani wa pointi 31.6 kila mchezo, na aliondoka chuoni na jumla ya pointi 3,951, nyingi kuliko mchezaji yeyote, mwanamume au mwanamke, katika daraja la kwanza la vyuo vya Marekani. Katika robo ya kwanza ya fainali ile alifunga 18 peke yake, na fainali ya wanawake haikuwa imewahi kuona robo kama hiyo. Mwisho wa mchezo ubao ulisoma South Carolina 87, Iowa 75. South Carolina ilimaliza msimu kwa michezo 38, ushindi 38. Asubuhi yake niliposoma habari, nusu ya vichwa vilikuwa vinaeleza jinsi Clark alivyokosa taji.

Hapo ndipo ninapogomba. Kuna timu iliyocheza tangu Novemba hadi Aprili bila kufungwa hata mara moja, chuo cha tano tu kuwahi kufanya hivyo kwenye vikapu vya wanawake vya daraja hilo, baada ya Texas, Connecticut, Tennessee na Baylor. Lakini ukiwauliza mashabiki wengi wakutajie wachezaji wake watano, watakutajia Kamilla Cardoso, kisha wataanza kuangalia dari.

Shutuma ninazozisikia ni mbili. Ya kwanza inasema South Carolina ni timu ya wenye nacho. Kocha Dawn Staley huvuta wasichana bora wa nchi nzima, anawajaza kwenye benchi, akichoka mmoja anamwingiza mwingine. Ukiwa na ghala kama hilo, nani atakushinda? Ya pili ni kwamba timu haina mvuto, haina sura ya kuipenda. Mfungaji wake mkubwa msimu ule, Cardoso, alikuwa na wastani wa pointi 14.4. Hakuna aliyecheza wastani wa dakika 30.

Ya kwanza ina ukweli ndani yake, na anayeikataa kabisa anajidanganya. Staley anasajili vizuri na chuo chake kina pesa. Ila wanaoileta wanasahau mwaka uliotangulia. Machi 2023, mjini Dallas, South Carolina ilifika nusu fainali ikiwa imeshinda michezo yake yote 36 ya msimu. Clark akaifunga pointi 41, Iowa ikashinda 77 kwa 73. Baada ya hapo wote watano walioanza mchezo ule wakaondoka. Wachezaji watano wa timu hiyo walichaguliwa na klabu za WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani, mwaka ule, Aliyah Boston akiwa wa kwanza kabisa. Kwa hiyo lile ghala lilikuwa limefagiliwa. Waliobaki ni watoto waliokuwa wakikaa kando na kupiga makofi, pamoja na Te-Hina Paopao aliyehamia kutoka Oregon, mrushaji wa mbali ambaye karibu nusu ya mitupo yake ya pointi tatu iliingia msimu ule. Staley mwenyewe aliwaita chekechea, na hakuwa akiwasifu. Alikuwa anaeleza jinsi wanavyomchosha.

Chekechea hao walianza msimu Novemba 6 mjini Paris, wakaifunga Notre Dame 100 kwa 71. Siku hiyo MiLaysia Fulwiley, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na mzaliwa wa Columbia, mji wa chuo chenyewe, alishika mpira upande wake, akakata uwanja mzima, akaupitisha nyuma ya mgongo akiwa mbioni na kuuweka kikapuni. Magic Johnson, nyota wa zamani wa NBA, aliuona mchezo huo akausifu hadharani. Ila Fulwiley huyo hakuwa mmoja wa watano wanaoanza. Alikuwa mchezaji wa benchi.

Sasa turudi Cleveland, kwenye namba ambayo mimi sijaweza kuiacha tangu usiku ule. Wachezaji wa akiba wa South Carolina walifunga pointi 37. Wa Iowa walifunga sufuri.

Sufuri. Katika mchezo wa dakika 40, wa fainali, hakuna hata msichana mmoja aliyenyanyuka kwenye benchi la Iowa akafunga kikapu, wala mtupo mmoja wa adhabu. Upande wa pili Tessa Johnson, wa mwaka wa kwanza, aliingia kutoka benchi na kufunga pointi 19, nyingi kuliko mtu yeyote wa timu yake usiku ule. Alizidi hata wanne kati ya watano wa Iowa walioanza. Fulwiley akaongeza tisa. Tofauti ya mchezo ilikuwa pointi 12. Ondoa benchi pande zote mbili, uhesabu wale walioanza tu, na Iowa inashinda 75 kwa 50. Mpwa wangu nilimfanyia hesabu hiyo nyuma ya bahasha ya zaka akaiangalia kama mtu aliyedhulumiwa.

Hesabu hiyo inaweza kusomwa kwa njia mbili, na hapa lazima niwape watu wa Iowa haki yao. Wao watasema imethibitisha walilosema siku zote, kwamba ana kwa ana, walioanza kwa walioanza, Clark na wenzake walikuwa bora, na wakashindwa na wingi. Tena watakukumbusha kwamba Molly Davis, aliyekuwa akianza, aliumia goti mwanzoni mwa Machi. Sydney Affolter akavutwa kutoka benchi kujaza nafasi yake, kwa hiyo ile sufuri kwa kiasi fulani ni alama ya jeraha. Ni hoja nzito. Timu iliyofika fainali mbili mfululizo na wachezaji watano au sita wanaotegemewa imefanya jambo ambalo pengine ni gumu kuliko kushinda ukiwa na kumi. Msiniletee ile methali ya kidole kimoja kutovunja chawa. Clark alivunja chawa kwa kidole kimoja misimu miwili.

Lakini tazama mchezo wenyewe ulivyokwenda. Clark alicheza dakika zote 40. Alifunga 18 katika robo ya kwanza na 12 katika robo tatu zilizobaki. Hakusahau kufunga wakati wa mapumziko. Kila alipogeuka alikuwa na mtu mpya mwenye pumzi kifuani pake. South Carolina ilidaka rebaundi, yaani mipira inayorudi mtupo ukikosa, 51, Iowa 29, na rebaundi ni kazi ya miguu ambayo haijachoka. Benchi ndilo lililowaruhusu walioanza kukaba hivyo. Raven Johnson, mlinzi wa South Carolina, hawezi kumwandama Clark uwanja mzima kama anajua hapumziki mpaka kengele ya mwisho. Kwa hiyo zile 50 za walioanza na zile 37 za akiba ni pesa za mfuko mmoja. Hesabu yangu ya bahasha, nikiitazama tena, ni ya ubishi wa barazani.

Na huyo Raven Johnson mwacheni nimkalie kidogo. Katika ile nusu fainali ya Dallas, Johnson alikuwa na mpira nje ya mstari wa pointi tatu. Clark, aliyepaswa kumkaba, alibaki mbali akampungia mkono, kama mtu anayefukuza nzi kwenye sinia ya halua: rusha ukitaka. Video ile ilizunguka dunia. Johnson alisema baadaye kwamba ilimuumiza hadi akafikiria kuacha mchezo. Alirudi, akajifungia na mazoezi ya kurusha, akauita msimu uliofuata ziara ya kisasi. Cleveland, karibu na mapumziko, Clark akiwa anauleta mpira katikati ya uwanja, Johnson akaunyofoa mikononi mwake, akakimbia nao peke yake na kuuweka. South Carolina ikaenda mapumzikoni ikiongoza 49 kwa 46. Alifunga pointi chache mno usiku ule. Kwenye karatasi ya takwimu hutamwona, na hivyo ndivyo timu nzima ilivyokuwa.

Hawakuwa malaika, wala hawakuwa mashine. Kwenye nusu fainali ya ligi yao ya SEC, Tennessee ilikuwa mbele 73 kwa 71 na sekunde moja na kidogo imebaki. Cardoso, mwenye urefu wa mita mbili, ambaye hajawahi kuingiza mtupo wa pointi tatu maisha yake yote ya chuo, akapewa mpira nje ya mstari, akarusha, ukagonga ubao ukaingia. Siku iliyofuata dhidi ya LSU alimsukuma Flau'jae Johnson akaanguka, akatolewa, na wenzake waliotoka benchi kuingia uwanjani nao wakatolewa. Staley aliomba radhi. Cardoso akakosa mchezo wa kwanza wa mashindano ya taifa. Wiki kadhaa baadaye Indiana iliwafukuza kutoka mbali mpaka ikabaki tofauti ya pointi nne, 79 kwa 75. Anayesema msimu ule ulikuwa mteremko hakuutazama.

Shutuma ya pili, ya mvuto, ndiyo inayonisumbua kwa sababu namba zinaiunga mkono. Fainali ile ilitazamwa na watu wapatao milioni 18.9 Marekani. Ile ya wanaume, siku moja baadaye, ilipata takriban milioni 14.8. Haikuwa imewahi kutokea wanawake wawashinde wanaume. Mwaka uliofuata Clark hayupo, South Carolina ikarudi fainali na kuchapwa na Connecticut 82 kwa 59, na watazamaji wakashuka hadi milioni 8.5. Zaidi ya nusu waliondoka na Clark. Staley mwenyewe, kombe likiwa limekwisha kuwa lake, alimshukuru Clark kwa jina kwa kuubeba mchezo wao.

Ila milioni 8.5 hiyo bado ni kubwa kuliko fainali ya 2022, ambayo South Carolina ilishinda mbele ya watu wasiofika milioni tano. Na kule Columbia, msimu ule wastani wa zaidi ya watu 16,000 waliingia uwanjani kila mchezo wa nyumbani. Kuanzia 2015 hadi 2025 hakuna chuo kilichowazidi kwa mahudhurio ya vikapu vya wanawake. Wale hawakumngoja Clark. Wamewaona wachezaji wakikua kutoka viti vya nyuma mpaka katikati ya uwanja, na pengine utamu wa timu ya namna hii unataka ukae nayo karibu miaka kadhaa, si usiku mmoja mbele ya birika.

Mfumo huo una gharama, na mimi ninayeusifu sina budi kuitaja. Cardoso alikuja Columbia kutoka Syracuse, akakaa misimu miwili nyuma ya Boston, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa akiba wa SEC, na alipoanza hatimaye akaibuka mchezaji bora wa fainali kwa pointi 15 na rebaundi 17. Siku nane baadaye akachaguliwa wa tatu WNBA. Fulwiley naye alikaa misimu miwili, naye akapata tuzo hiyo hiyo ya akiba, na mwaka 2025 akafungasha virago akaenda LSU, kwa mahasimu. Mtoto wa mji wenyewe. Sijui kama ningekuwa babake ningemwambia angoje.

Majira hayo hayo ya 2025, Madina Okot, msichana wetu wa Mumias aliyechezea Zetech Sparks kisha Mississippi State, naye alikuwa anahama. Akachagua South Carolina. Mpwa wangu aliponiletea habari hiyo, simu mkononi, aliniuliza jambo moja tu: ataanza, au atakaa benchi?